Wifi ananikataza hata kushika ndoo, nami nimechoka kukaa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Muheza, nina miaka 44, mume na watoto wawili. Mwaka juzi niliona ngozi ya titi la kushoto imekuwa na vishimovishimo kama ganda la chungwa, na sisi wa Muheza ganda la chungwa tunalijua. Ikawa kansa. Nikapewa dripu nane, moja kila baada ya wiki tatu, nikatolewa titi lote pamoja na matezi ya kwapani, kisha nikachomwa mionzi Dar. Mionzi nimeimaliza miezi saba iliyopita. Sasa nameza Tamoxifen kila usiku, vidonge vya kuzuia kansa isirudi. Daktari anasema naendelea vizuri, niwe narudi kila baada ya miezi mitatu.

Tatizo liko nyumbani. Wifi yangu mkubwa amehamia kwetu kunisaidia, Mungu ambariki, lakini hataki nishike kitu. Nikigusa ndoo ya lita tano tu, anapiga kelele jirani wanasikia: "Utauamsha ugonjwa!" Anasema damu ikienda mbio ndiyo inayousambaza. Kwa hiyo binti yangu wa darasa la sita ndiye anayechota maji, anafua, anapiga deki, halafu usiku anasinzia juu ya daftari. Mimi nimekaa barazani kwenye kiti cha plastiki kama mgeni aliyekuja kuhani.

Na huko kukaa hakunipi nafuu. Mkono wa kushoto haupandi kupita sikio. Kitambaa kikiwa rafu ya juu nangoja mtoto wa jirani apite. Sidiria naifungia mbele halafu naizungusha. Nikinyoosha mkono, kuna kitu kama uzi wa gitaa kinavuta kutoka kwapani mpaka kwenye kiwiko. Tangu mwezi uliopita bangili ya fedha niliyoachiwa na marehemu mama haitoki, na ikifika jioni mkono unakuwa mzito kama nguo iliyolowa. Uchovu nao sijui niuelezeje. Nalala usiku kucha, naamka nimechoka. Kutunga uzi kwenye sindano najaribu mara nne.

Kwenye mionzi nilifahamiana na mama mmoja wa Dar, tunapigiana simu. Anasema anakwenda mazoezi mara mbili kwa wiki, wako wanawake saba wa kansa ya titi, na mtaalamu wa viungo anawasimamia. Wanatembea, wanavuta mipira, wananyanyua vyuma. Vyuma, Shangazi! Nilipomsimulia wifi akasema huyo mama hana akili zake sawasawa. Yeye ana mpango wake: kuna mzee anakanda kwa mafuta ya moto na kuchanja chale ili damu chafu itoke na mkono upungue. Wameshaelewana bei.

Siku ninatoka hospitali nilipewa karatasi ya mazoezi, imeandikwa Kiingereza. Muuguzi alikuwa na foleni, akaniambia nitajisomea. Ipo kwenye droo ya cherehani mpaka leo.

Mume wangu ni mtu mwema, hajanisema hata siku moja. Lakini naye ananichukulia kama trei la mayai, na mimi usiku nabadili nguo gizani. Hatujakaribiana tangu operesheni. Januari inakuja, watu wameanza kuulizia sare za shule. Nichukue kazi au nisichukue? Nimsikilize nani, wifi au yule mama wa vyuma?

Fundi wa Muheza


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa safari yote hiyo.

Kabla ya wifi na kabla ya vyuma, tuanze na bangili. Ivue leo. Lala chali, weka mkono juu ya mito miwili upite usawa wa moyo, fungua na ufumbe kiganja taratibu kwa dakika kumi, kisha paka sabuni uivute polepole. Ikigoma, nenda kwa sonara aikate. Najua ni ya marehemu mama, lakini fedha inaungika. Mkono uliotolewa matezi ukianza kujaa, kitu kinachobana kifundoni kinauzidishia shida. Pete nayo, kama iko mkono huo, ihamishe.

Ukimaliza, chukua futi yako ya cherehani. Huwa natumia dakika ishirini kumfundisha mgonjwa kupima mkono wake, na wewe umeifanya kazi hiyo maisha yako yote. Pima mikono yote miwili: kwenye kifundo, halafu kila sentimita kumi kupanda juu mpaka karibu na kwapa. Tia alama kwa chaki, usibane futi, andika namba kwenye daftari na tarehe. Kama unatumia zaidi mkono wa kulia, kwa kawaida wa kulia huwa umemzidi mwenzake kidogo. Kwa hiyo ukikuta wa kushoto ndio mnene, hata kwa sentimita moja na nusu, usiseme ni kidogo. Wataalamu wengi huchukua tofauti ya sentimita mbili mahali popote kuwa dalili ya kushughulikiwa, na hapo hawajajua kwamba ulitakiwa kuwa mwembamba. Bonyeza pia kwa kidole gumba, hesabu mpaka kumi, uachie. Kishimo kikibaki, kiandike.

Daftari hilo lipeleke kwa daktari wiki hii. Usingoje miadi ya miezi mitatu. Mkono ulioanza kuvimba mwezi uliopita, mara nyingi ni majimaji yaliyokosa njia ya kurudi, na hilo lina utaratibu wake. Lakini unaweza pia kuwa ni damu iliyoganda ndani ya mshipa, au vijidudu vimeingia, au ugonjwa wenyewe, na mimi kwa barua siwezi kutofautisha. Nisamehe kukutisha. Ningekuficha ningekuwa nimekudhulumu.

Sasa tumzungumze wifi, kwa heshima zake. Alichokushauri si ujinga wa mtaani, ni dawa ya zamani iliyopitwa na wakati. Nilipokuwa mwanafunzi wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, miaka ya themanini, tulifundishwa hivyohivyo: mwanamke aliyetolewa matezi ya kwapani asibebe kizito, asirudierudie kazi moja ya mkono, maisha yake yote. Nimewaambia wanawake wengi maneno hayo kwa mdomo huu. Wengine waliacha jembe, wengine waliacha kubeba wajukuu. Tulikosea, na ni vizuri aliyekosea akasema.

Kilichotugeuza ni mambo kama haya. Mwaka 1996, Vancouver, Kanada, daktari wa michezo aitwaye Don McKenzie aliwachukua wanawake 24 waliotibiwa kansa ya titi, akawapeleka kwenye mazoezi ya kuimarisha mwili, kisha akawapandisha kwenye mtumbwi mrefu wa Kichina wenye kichwa cha joka na kuwapa makasia. Kupiga kasia, mwanangu! Kazi ya mabega na mikono, kurudiarudia, ndiyo hasa tuliyokuwa tunaikataza. Hakuna hata mmoja aliyeota uvimbe mpya wa mkono msimu ule. Leo kuna timu za namna hiyo nchi nyingi.

Ishirini na wanne ni wachache, mtu anaweza kusema ni bahati. Ndipo Kathryn Schmitz na wenzake kule Pennsylvania, Marekani, wakachukua wanawake 141 ambao mikono ilikuwa imeshavimba tayari, wakawagawa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima, wiki 13 za mwanzo chini ya macho ya mkufunzi, wakiwa wamevaa soksi maalumu ya mkono. Walianza na uzito mdogo mno na kuongeza kidogokidogo. Matokeo yalitoka 2009. Mikono ya walionyanyua haikuzidi kuvimba kuliko ya wenzao, na zile siku za mkono kucharuka ghafla ziliwapata asilimia 14 yao, ilhali kwa wasionyanyua zilikuwa asilimia 29. Kwa hiyo yule mama wa Dar yuko timamu kabisa. Mwambie nimemsalimu.

Kwa nini iwe hivyo? Kwapani palikuwa na matezi yanayopitisha majimaji ya mkono kurudi kifuani. Mengine yametolewa, mengine mionzi imeyakausha. Ni kama mtaro uliojaa taka: maji hayajazuiwa kabisa, ila yanapita kwa taabu na mengine yanatafuta vichochoro. Na majimaji haya hayasukumwi na moyo kama damu. Yanasukumwa na misuli inapojikaza na kulegea, na kifua kinapopanda na kushuka kwa pumzi. Ukikaa kwenye kiti cha plastiki kutwa nzima, mkono umelala mapajani, umezima pampu. Wifi anaogopa damu kwenda mbio, mimi naogopa maji kusimama.

Na hilo la "kuuamsha"? Kuna wauguzi 2,987 wa Marekani walioumwa kansa ya titi, wakafuatiliwa kwa miaka, habari zao zikachapishwa 2005. Waliokuwa wanatembea saa tatu mpaka tano kwa wiki, au kufanya mazoezi ya kulingana na hayo, walikufa kwa ugonjwa ule kwa uchache kuliko waliokaa. Sitakwambia mazoezi ni dawa ya kansa. Pengine waliotembea walikuwa na afya nzuri tangu mwanzo. Lakini kama mwendo ungekuwa unaamsha ugonjwa, hesabu zingetoka kinyume. Hazikutoka.

Mzee wa chale asije. Hapa silegezi. Ngozi ya mkono huo ndiyo ukuta wako, na askari wa kwapani, yaani yale matezi, wamepunguzwa. Wembe unafungua mlango, vijidudu vinaingia, na mkono unaweza kufura usiku mmoja ukakulaza wodini. Kukanda kwa nguvu na kwa mafuta ya moto nako kunavuta damu zaidi kwenye mkono ambao tayari umeshindwa kutoa kilichomo. Wifi akidai pesa ameshatanguliza, mrudishie wewe. Kitabu kinasema utazame wekundu; kwenye ngozi zetu wekundu haujitokezi, kwa hiyo tafuta joto, ngozi kung'aa, maumivu na homa. Ukiona hayo, hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili.

Kuna kishawishi kingine nakujua utakipata, maana ni fundi: kujishonea mkono wa kitambaa cha kuvutika ukivae kibane uvimbe. Usifanye. Soksi ya mkono ya hospitali hubana zaidi kifundoni na kulegea inavyopanda juu, kwa vipimo. Ukishona iliyobana juu kuliko chini umefunga kamba kwenye mfuko wa maji.

Ule uzi wa gitaa kwapani una historia yake. Baada ya kutolewa matezi, baadhi ya mishipa myembamba hukakamaa na kusimama kama kamba chini ya ngozi, wakati mwingine mpaka kifundoni. Inatisha kuitazama lakini si kansa, na kwa wengi hulegea kwa kunyooshwa polepole. Asije mtu akaivuta ikatike. Mwachie mtaalamu wa fiziotherapia.

Huyo mtaalamu ndiye kiini cha barua yangu. Mazoezi ninayotaka uyapate ni ya kusimamiwa, angalau mwanzoni. Karatasi ya kwenye droo haikusimamii hata ingekuwa ya Kiswahili. Haikuoni ukiinua bega badala ya mkono. Haikuulizi jana mkono ulilalaje. Kwa Tanga anza na hospitali ya mkoa, Bombo: muombe daktari akuandikie kwenda fiziotherapia, au uliza dirishani kitengo cha utengamao kiko wapi. Ukifika usiseme tu "bega linauma", wengi hufika hivyo wakapewa dawa ya kuchua. Sema: nimetolewa titi na matezi kushoto, nimechomwa mionzi, mkono umeanza kujaa, nataka kunyanyua tena. Nenda na karatasi ya Kiingereza ukatafsiriwe mstari kwa mstari. Nenda pia na orodha ya dawa ulizopewa. Kama kwenye dripu zako ilikuwemo ile nyekundu inayobadilisha rangi ya mkojo, mtaalamu anapaswa kujua, kwa kuwa ile huweza kugusa moyo. Kama nyayo zina ganzi tangu dripu, mwambie pia, na usitembee pekupeku hata uani.

Kila siku huwezi kwenda Bombo, nauli najua. Mara moja kila wiki mbili inatosha ukiwa na daftari. Yanayobaki unafanya dukani kwako, na hapo ndipo nakuonea wivu, maana ukuta, chaki na mpini wa ufagio vyote unavyo.

Daktari akisharuhusu, simama uso kwa ukuta. Weka viganja vyote viwili usawa wa kifua, vipandishe kwa vidole kama mjusi, taratibu, mpaka usikie kuvuta. Kuvuta ni sawa, kuuma si sawa. Hapo kaa kwa pumzi tano, kisha tia alama kwa chaki ya kushonea kila kiganja kilipofika. Mkono wa kulia utakuonyesha unakokwenda. Shuka, rudia mara tano, asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza utaona alama haiendi na utanilaani. Ya tatu utaanza kuhesabu vidole viwili, vitatu. Nilikuwa na mgonjwa mmoja, mwalimu, alikataa ukuta wake usipakwe rangi mwaka mzima kwa ajili ya zile alama.

Uzito unakuja baadaye. Unaanza mkono mtupu. Kisha chupa ya nusu lita iliyojaa maji, ambayo ni nusu kilo bila kuhitaji mizani. Unakunja kiwiko, unanyoosha, mara kumi, unapumua nje unaponyanyua. Siku mbili au tatu za kupumzika, halafu tena. Kabla ya kuongeza, soma mkono wako kesho yake asubuhi: mzito? unabana? futi inasemaje? Ukiwa sawa kwa wiki mbili, unasogea. Ukizidi, unarudi hatua moja na kumpigia mtaalamu. Ukikatiza wiki mbili kwa msiba au malaria, usirudi pale ulipoachia, shuka kwanza. Ndoo ya lita tano ni kilo tano, kwa hiyo wifi kwa leo ana haki. Baada ya miezi minne sidhani.

Kutembea huna haja ya kungoja, isipokuwa kama mguu mmoja umevimba na kuuma kwenye ndama, au kifua kinabana, au unakosa pumzi ukiwa umekaa. Tamoxifen huongeza uwezekano wa damu kuganda, kwa hiyo dalili hizo ni za kukimbilia hospitali. Vinginevyo, kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijakaza na kabla zile joto za ghafla za Tamoxifen hazijapata kisingizio, toka na viatu. Dakika kumi kwenda na kurudi. Mwendo uwe ule ambao unaweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba. Wiki inayofuata kumi na mbili. Lengo, bila haraka, ni dakika 30 mara tatu kwa wiki pamoja na siku mbili za chupa. Hivyo ndivyo mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2019 kwa waliougua kansa unavyopendekeza kwa uchovu na huzuni.

Ndiyo, kwa uchovu. Huo unaouelezea wa kulala usiku kucha na kuamka umechoka, sisi wa wodini tunaujua. Haulaliki ukaisha. Mwombe daktari akupime damu kwanza, usije ukawa umepungukiwa damu tukakuambia tembea. Damu ikiwa sawa, kutembea ndiko kunakoupunguza kuliko kitanda. Nakiri inasikika kama utani: mtu amechoka unamwambia atembee. Jaribu wiki sita, uandike kila jioni uchovu ni ngapi kwa kumi.

Kuhusu wifi, usigombane naye. Ni mtu wa kusimamia, mpe cha kusimamia. Aende na wewe Bombo asikie kwa mtaalamu mwenyewe, kwa sababu neno likitoka kwako ni ukaidi, likitoka kwa aliyevaa koti jeupe ni maagizo. Awe mhesabu wa ukuta. Atembee na wewe asubuhi. Usishangae magoti yake yakapona. Na mzigo wa binti uondoke leo, usingoje mkono wako. Wifi achote maji, mume afue mashuka, na kijana wako mwingine, ambaye umemtaja kwenye idadi tu, naye ana mikono miwili.

Mume wako sasa. Umesema hakusemi, na umesema unabadili nguo gizani. Nadhani kila mmoja anamngoja mwenzake aseme. Yeye anaogopa kukuumiza, wewe unaogopa macho yake. Sitaki uwashe taa zote usiku mmoja. Anza na kovu lenyewe: ngozi ya pale ikishapona vizuri, huwa tunafundisha kuisugua taratibu kwa mafuta ya kawaida, yasiyo ya moto, dakika tano, ili isigande na mbavu. Muombe mtaalamu amfundishe mume wako. Kuna sehemu ya juu karibu na kwapa ambayo mkono wako wa kulia haufiki vizuri, kwa hiyo si hila, ni kazi kweli. Wanaume wengi niliowaona walikuwa hawajui waweke wapi mikono, wakipewa kazi ya mkono wanashusha pumzi. Tamoxifen huweza kumkausha mwanamke pia, na hilo lina dawa. Mwambie daktari bila kuinama.

Kuinama kwenyewe nako nina neno. Nakuona bila kukuona: khanga imevutwa mbele, bega la kushoto limekunjwa kuficha palipo bapa. Ukikaa hivyo juu ya cherehani saa sita kwa siku, bega litaganda hata ungekuwa na mtaalamu bora Tanga nzima. Jishonee titi la kitambaa. Pamba laini nje, ndani mfuko mdogo wa mtama uliopimwa ulingane na la kulia, ukae kwenye mfuko ndani ya sidiria pana isiyokata begani. Mtama utoe unapofua. Uzito ukilingana pande zote, mgongo unasimama wenyewe. Na ukishona moja, shona na la yule mama wa Dar.

Sare chukua, nusu ya ulizozoea. Kata ukiwa umesimama, shona ukiwa umekaa, badilisha kila nusu saa, na katikati panda ukuta mara mbili. Pasi ya mkaa ishike kwa mkono wa kulia au mpe anayejifunza, kuungua ni jeraha kama chale. Vidole vya kushoto, vinavyoshika kitambaa, ndivyo vinavyochomwa sindano, na najua mafundi hamvai subana kwa kiburi. Vaa. Ukichomwa, osha kwa sabuni, paka dawa ya vidonda, utazame kwa siku mbili.

Andika tena ukishatoka Bombo. Niletee namba za futi, mikono yote miwili, na alama ya chaki imefika wapi.